Taa ya Nyumba Tupu, Ipililo

Nyumba ile ya Ipililo niliifungia taa kwa mikono yangu mwenyewe. Natanguliza hilo kwa sababu baadaye watu walisema mengi juu yake, na wengi wa waliosema hawakuwahi hata kukanyaga ua wake.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kampuni ndogo iliyokuwa inakopesha watu wa vijijini umeme wa sola. Ofisi yetu ilikuwa Bariadi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi nilikuwa nimeingia pale kama nilivyoingia kwenye kazi zote maishani mwangu, kwa kupita tu. Nilikuwa nimetoka Chunya. Kabla ya Chunya nilikuwa Katoro, na kabla ya Katoro nilikuwa Tunduma nikipakia magari ya mizigo. Nilizaliwa Malampaka, jirani na stesheni, na nadhani mtoto anayepata usingizi huku mabehewa yanagongana anajifunza mapema kwamba kuna mahali pengine. Bariadi nilisema nitakaa msimu mmoja wa pamba, nipate nauli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anatoa kianzio, anafungiwa paneli juu ya bati, boksi la betri ukutani, taa za ndani na taa moja ya barazani. Kisha analipa kidogo kidogo kwa simu. Akilipia wiki, anawasha wiki. Asipolipa, boksi linajizima, na paneli inabaki juu ya bati ikiota jua la bure mpaka hela nyingine iingie. Boksi lilikuwa na laini ndani yake kama simu, kwa hiyo halikuhitaji mtu wa kulibonyeza. Hela ikifika ofisini, lenyewe linajua. Na mkopo ukiisha, linafunguka moja kwa moja, halidai tena, wala halipelekeani tena habari na ofisi.

Nilikuwa nayasema maneno hayo kutwa, nikianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kisukuma, maana nikifika hapo kwenye kujizima wazee walikuwa wananikatiza. "Linajizima? Nani analiambia?"

Yule mwenye mkopo wa Ipililo alikuja ofisini asubuhi moja akiwa na begi mgongoni, hakutaka kukaa. Alikuwa rika langu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe kwenye mishono, lile vumbi la karasha, mashine za kuvunjia mawe ya dhahabu. Vumbi hilo halitoki hata ukisugua kwa brashi. Nililitambua mara moja kwa sababu viatu vyangu vilivyokuwa chini ya kitanda vilikuwa nalo.

"Ni kwa mama," alisema. "Ipililo. Ukishapita ghala la pamba, nyumba yenye ua wa minyaa. Inayotazamana nayo ni ya mama mdogo. Ukipotea uliza."

"Utakuwepo tukienda kufunga?"

"Naondoka leo."

"Hutaki kuona inavyowaka?"

"Nitaiona," akasema. "Si itakuwepo?"

Dada wa hesabu pale ofisini alipomuuliza namba ya simu, alitoa ya mama yake. Akasema yake haina maana kuiandika, leo iko, kesho imeingia shimoni na simu yake. Kwa hiyo mkopo ukaandikwa jina la mama na namba ya mama. Akalipa kianzio, akatuaga, na dirishani nikamwona akielekea stendi bila kugeuka nyuma. Nilijisikia kama mtu aliyejiona kwa mgongo.

Mama yake nilimkuta anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jabali lililokuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa mama mwembamba, mwepesi wa miguu. Mdogo wake, huyo mama mdogo wa ng'ambo ya njia, alikuwa mnene na mwenye kelele, alikuja na kigoda chake mwenyewe akakaa kutazama kazi kama mtu aliyekuja kwenye ngoma.

Nilipomaliza nikawaeleza mambo ya malipo. Yule mama mwembamba alisikiliza kwa makini, kisha akauliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mteja mwingine.

"Nikitaka kujua kama mwanangu amelipa, nitajuaje?"

"Taa itawaka, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Na kama hajalipa?"

"Haitawaka."

Akaitazama ile taa ya barazani. "Basi hana haja ya kupiga simu," akasema.

Mdogo wake akaangua kicheko. "Dada, wewe umeuziwa taa au umeuziwa mtoto?"

Ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwanawe hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa anakwenda kwa wakala wa fedha popote alipo, anampa hela na namba ya boksi, wakala anatuma kwa simu yake yeye wakala, basi. Jioni Ipililo taa inawaka, na mama anajua mwanawe amekula leo. Nilipopita njia ile kukagua wateja wengine, mama mdogo alikuwa ananipa habari za nyumba ya dada yake kwa njia hiyo hiyo. Taa imezimika tangu juzi, dada hali. Taa imerudi, dada amepika wali. Majirani walikuwa wanaleta simu zao kuchaji na walishajua, ukikuta giza usiulize, rudi na simu yako.

Kisha yule mama akafa. Aliugua wakati wa kupandikiza mpunga, akapelekwa hospitali, akarudishwa. Walimzika kando ya nyumba, upande wa jabali la michembe. Taa zilikuwa zimezimika siku zile zote, mwanawe hakuwa amelipa. Ndugu walimtafuta. Walipiga namba zote walizowahi kupewa, wakapeleka tangazo redioni, wakawaagiza watu wa Kahama na wa Katoro. Hakuna aliyejibu. Watu wakanyoa, wakaanua matanga, wakatawanyika. Mlango wa nyumba ukafungwa kwa waya kwa kuwa kufuli lilikuwa halina ufunguo.

Jioni moja baada ya hapo, mama mdogo alikuwa anatoa masufuria nje, akainua macho. Taa ya baraza la dada yake ilikuwa inawaka.

Alinisimulia mara nyingi na kila mara aliishia hapo, kwenye masufuria. Hakusema alifanya nini baada ya hapo.

Namba yangu niliiandika kwa kalamu nzito kwenye kila boksi nililofunga, kama mafundi wote. Mtu wa kwanza kunipigia hakuwa mama mdogo. Alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na alitaka nije siku hiyo hiyo. Nilimkuta na wenzake wamesimama njiani, si uani. Jua lilikuwa linazama. Tulisubiri wote, na giza lilipoanza kushika minyaa, taa ikawaka. Mwanga ukaangukia baraza tupu, kinu, na ule waya wa mlangoni. Mmoja wao alirudi nyuma akanikanyaga.

"Fundi," kamanda akasema, "taa hii inawashwa na nani?"

"Inajiwasha. Giza likiingia, inahisi."

"Inahisi." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Inahisi."

"Kumbe ina roho," mmoja akasema, wakacheka, lakini si cheko la raha.

"Na hela analipa nani?" kamanda akaendelea. "Mwenye nyumba tumemzika. Mimi mwenyewe nilishika jembe."

"Mwanawe, nadhani."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Kwa hiyo humjui alipo, unadhani tu ndiye anayelipa, na taa inahisi. Ungekuwa wewe, ungelala hapa?"

Walitaka niing'oe. Watoto walikuwa wameacha njia ile, na watu waliotoka gulioni walikuwa wanazunguka kwa majaruba ya mpunga na kulowana miguu kuliko kupita mbele ya baraza. Wengine walisema wanamwona marehemu amekaa kwenye mwanga anachambua mchele. Na mimi, nisidanganye, nilipolitazama lile baraza kwa muda mrefu niliona mahali pa mtu. Hapakuwa na mtu, palikuwa na mahali pake tu.

Mama mdogo alitoka kwake akavuka njia, akawapita wote, akaingia uani akasimama chini ya taa.

"Nyinyi mnamwogopa dada yangu," akawaambia. "Dada yangu amelala pale, hana shida na mtu. Mimi namwogopa aliye hai. Kila jioni anamsalimia mama yake, na mama yake yuko chini ya mawe. Hajui. Yuko huko anajinyima ale nusu, alipie taa ya kaburi."

Akanigeukia mimi.

"Fundi, usiing'oe," akasema. "Kwanza ajue."

Tangu siku hiyo jambo lilikuwa hilo moja tu. Ajue. Na mimi nilikuwa na neno ambalo sikutaka kumwambia, lakini nilimwambia siku ile ile, tukiwa tumekaa kwake tunakula ugali wa mtama na maziwa mgando. Mkopo ulikuwa unakaribia kwisha. Kijana akishamaliza kulipa, taa ingewaka siku zote bila kulipiwa, awe hai au amekufa. Hatungepata tena dalili yoyote. Angefikiri amemaliza wajibu wake kwa mama, na kamba ingekatika hapo.

Aliacha kula. "Kwa hiyo akimaliza tu, tumempoteza."

"Ndiyo, mayu."

Kule ofisini nilimwomba dada wa hesabu aniangalizie malipo yanatoka wapi. Zote zilikuwa namba za mawakala, na jina la duka la wakala linatokea pamoja na hela. Katoro. Kisha Kahama. Kisha Chunya, kisha Makongolosi. Nilisoma njia ile nikairudia kwa kidole, kwa maana nilikuwa nimepita humo humo, kwa mpangilio karibu ule ule. Nilijua vyumba anavyolala, vya mabanzi na turubai. Nilijua anakunywa uji wapi. Mama yangu mimi alifia Malampaka nikiwa Chunya, na habari nilizipata stendi ya Mbeya, kwa mtu wa kwetu aliyekuwa ananunua karanga. Alinipa pole akidhani najua.

Nikaanza kuwapigia mawakala. Yule wa Makongolosi alikuwa na haraka.

"Mtu wa namna gani, kaka?"

"Mrefu kiasi, ana begi, anavaa kofia. Msukuma."

"Hapa unanitajia nusu ya wateja wangu."

"Anatuma hela ya sola."

"Wote wanatuma hela ya sola. Wana wake wanne kila mmoja."

"Ana kovu kwenye..."

"Kaka, huku machimboni mwenye kushangaza ni asiye na kovu." Akacheka, kisha akanionea huruma. "Akija nimwambie nini?"

Nilishindwa kulisema. Neno kama hilo huwezi kumpa wakala amkabidhi mtu pamoja na risiti. Nikamwambia amwambie apige nyumbani. Sijui kama alikumbuka. Malipo yaliyofuata yalitoka hapo hapo Makongolosi, taa ikaendelea kuwaka, na simu haikulia.

Ndipo mama mdogo alipokuja Bariadi mwenyewe. Alishuka kwenye bodaboda mlangoni pa ofisi akiwa amevaa kitenge cha kanisani, akamsalimia kila mtu kwa mkono.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola."

Akakaa. "Nimekuja kuwaomba mkatae hela ya mwanangu," akasema.

Dada wa hesabu aliinua kichwa. "Mama, tangu nimeajiriwa sijawahi kuona mtu anaomba hela isiingie."

"Sikiliza, mama. Kwetu ukipeleka ng'ombe wa mahari kwa watu, halafu siku moja unaamka unamkuta ng'ombe yule yule zizini kwako, kuna haja ya kuandikiwa barua? Hata mtoto anajua kule kumetokea kitu. Hela yake inapokelewa kila mara, kwa nini asidhani kwetu ni salama? Irudisheni. Atajua."

Tulitazamana. Kwa kweli ulikuwepo utaratibu wa namna hiyo. Mteja akifariki na ndugu wakatoa taarifa, mkopo unasimamishwa mpaka mrithi ajulikane, na hela yoyote inayotumwa inarudi ilikotoka. Hakuna aliyekuwa ametoa taarifa, kwa sababu hakuna aliyetaka kurithi deni. Mama mdogo akatia dole gumba alipoonyeshwa. Nyumba ya Ipililo ikaingia giza jioni ile ile, na niliambiwa kijiji kizima kililala vizuri isipokuwa yeye.

Hela ilipokuja ikakataa. Dada wa hesabu aliniita nikaona. Makongolosi, ikatumwa, ikarudi. Baada ya muda mfupi ikatumwa tena, ikarudi tena. Kisha kimya. Nilimpigia yule wakala.

"Ah, ni wewe," akasema. Sauti yake haikuwa na utani. "Alikuja. Hela imekataa, akaniambia jaribu tena. Nikajaribu. Simu inaandika mteja huyu amesimamishwa. Nikamwambia labda amemaliza deni, kaka, furahi. Hakufurahi. Alikaa hapo kwenye benchi langu akaomba maji."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliyanywa, akarudisha kikombe, akaondoka. Hela yake ameiacha hapa juu ya kaunta. Ninayo."

Tukangoja. Mama mdogo aliacha kufunga mlango wake mchana. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo ilimtoa nje. Alisema usingizini anasikia mtu anakohoa uani kwa dada yake, kile kikohozi kikavu cha watu wa mashimoni, na akitoka anakuta giza tu na minyaa. Mimi mwenyewe nilianza kuwa na tabia ya kutazama viatu vya watu stendi. Siku moja nilimfuata mtu mpaka mlango wa basi la Mwanza, akageuka, akawa mtu mwingine, nikasingizia nimemfananisha.

Alikuja siku ya mnada wa ng'ombe. Mtu aliyekulia pale tu ndiye angeichagua siku hiyo, maana siku ya mnada kijiji kinabaki na mbuzi na vikongwe. Mama mdogo aliporudi jioni alikuta waya wa mlango wa dada yake umefunguliwa na kufungwa upya, kwa fundo tofauti. Paneli haikuwepo juu ya bati. Taa zote hazikuwepo, na boksi halikuwepo, limefunguliwa skrubu moja moja bila kuchubua ukuta, na skrubu zilizobaki zimepangwa dirishani.

Nilifika kesho yake asubuhi. Aliniongoza mpaka kaburini. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, na magugu yameng'olewa. Pembeni kulikuwa na wembe mpya na karatasi yake, na nywele za mtu. Alikuwa amejinyoa pale, peke yake, msiba wa mama yake, wakati watu wote walikwisha kunyoa wakasahau. Juu ya jabali, michembe aliyoianika mama mdogo ilikuwa imepungua kiasi cha gao la mkono, na jiwe la kuzuia upepo limerudishwa mahali pake.

"Amekula," mama mdogo alisema. Alizoa nywele zile akazifukia, akabaki amechuchumaa na mkono wake juu ya udongo. "Lakini kisogoni, baba? Mtu hawezi kujinyoa kisogo. Nani alimnyoa kisogoni?"

Swali hilo, sijui kwa nini, lilinitesa kuliko yote. Nilikuwa naendesha pikipiki kwenda Nassa au kurudi Bariadi nikajikuta napapasa kisogo changu.

Majibu yalikuja kwa simu, wiki nyingi baadaye, pamba imeshaanza kuchumwa. Namba ngeni. Kabla hajasema neno nilisikia karasha nyuma yake, ule mngurumo wa mawe ndani ya chuma, nikajua.

"Wewe ndiye fundi? Namba yako iko kwenye boksi."

"Ndiye."

"Linakataa hela."

"Lilisimamishwa. Mwenyewe alifariki."

"Najua." Karasha ikanguruma. "Imebaki kidogo. Nataka niimalize. Nilisema nitaiona."

"Nitaongea na ofisi waiandike jina lako. Uko wapi?"

Nikasikia karasha tu.

"Mama yako mdogo anakuulizia," nikasema. "Anauliza nani alikunyoa kisogoni."

Nikamsikia anakohoa, akisogea mbali na karasha.

"Bodaboda aliyenileta," akasema mwishowe. "Nilimwomba anisubiri kwenye minyaa. Akaona nahangaika, akaja akachukua wembe. Hata hakuuliza."

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie nilimkuta hayupo."

Ikakatika, na namba ile haikupatikana tena. Ofisi ikaandika mrithi, hela ya mwisho ikaingia, boksi likafunguka mahali fulani ambapo mimi sikujua, na tangu saa hiyo halikutuletea habari yoyote. Dada wa hesabu alinionyesha. Mteja amemaliza. Chini yake hapakuwa na kitu.

Nilimpelekea mama mdogo maneno yote, hata lile la nilimkuta hayupo. Alilisikiliza hilo akatazama pembeni. Lakini nilipofika kwa bodaboda alijifunika uso kwa kanga, akalia na kucheka pamoja.

"Mtu baki," akasema. "Mtu baki kabisa, mwenye haraka zake. Mtafute, nimpe kuku."

Nilimtafuta vijiweni, sikumpata. Wengine walijitokeza waliposikia kuna kuku.

Baadaye, alipouza pamba yake, aliniita nimfungie taa kwake. Alitoa kianzio mwenyewe, akakataa mkopo uandikwe jina la mtoto wake yeyote. "Niandike mimi. Anayekuja kulipa alipe, lakini jina liwe langu." Taa ya nje hakutaka iwekwe barazani kama ya watu wote. Alitaka ikae pembeni, ielekee njia, imulike mpaka kwenye minyaa ya dada yake. "Akipita tena asiseme hakukuta mtu."

Nilipokuwa nakunja ngazi aliniangalia viatu. Nilikuwa nimevaa vile vya zamani.

"Na wewe unaondoka," akasema.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa hata sijajiambia vizuri.

"Nafikiria Sumbawanga, mayu."

"Fikiria." Akafuta kiti nilichosimamia nikifunga taa za ndani. "Ila usinipigie simu. Watu wa njiani mkipiga simu mna shida, mnatutia presha bure. Wewe tuma ya taa, hata ya siku moja. Nitaona."

Nimekaa Sumbawanga, nimekaa Mpanda, sasa niko mahali pengine tena. Kila mji nakuwa na wakala wangu. Namtajia namba ya boksi la mama mdogo, ninaijua kwa kichwa, yeye anabonyeza, na ananisomea jina la mwanamke kuhakikisha. Namjibu ndiye. Wateja wengine wakishatoa hela huondoka, risiti watapewa baadaye. Mimi siondoki. Nabaki nimeshika ukingo wa kaunta, namtazama wakala usoni, mpaka aseme imeingia.